Mjomba wangu, mashine ya shoti na sisi tunaojiita wasomi

Wiki tatu sijaandika kitu hapa. Wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Sijaacha na wala sijaoa. Nilikuwa Matwebe, Rungwe, kwa mjomba wangu, na nimerudi Dar na hasira ambayo gazetini haina nafasi. Gazetini hasira inapunguzwa mpaka maneno 400, halafu inawekwa chini ya tangazo la mabati. Kwa hiyo naimwaga hapa. Mtanisamehe kama ni ndefu.

Wanaoifahamu Rungwe wanajua: migomba, chai, parachichi, na mvua isiyofuata kalenda. Kutoka Matwebe kwenda Tukuyu mjini unapanda bodaboda, na mvua ikinyesha unapanda bodaboda huku unasali. Kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, iliko hospitali ya rufaa ya kanda, ni kama kilomita 70 nyingine. Zikumbuke safari hizo mbili, nitazirudia.

Mjomba ni fundi mwashi. Mwaka jana alidondoka akiwa anapiga plasta nyumba ya watu. Kiharusi, upande wote wa kulia. Alilazwa, akanusurika, akaruhusiwa na dawa za presha pamoja na karatasi iliyoandikwa "afanye mazoezi". Hospitali siitaji jina, maana si yake peke yake. Mazoezi gani? Mara ngapi kwa siku? Nani amwoneshe? Karatasi haikusema. Maneno mawili tu, na mtu aliyejenga nusu ya nyumba za jirani zake akarudishwa nyumbani kubebwa kama kiroba.

Miezi minne baadaye, siku ya gulio, likaja gari lenye kipaza sauti. Jamaa ndani ana koti jeupe. Anatibu kisukari, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo na kupooza, vyote kwa mashine moja. Akambandikia mjomba vibandiko viwili kwenye paja, akawasha, na misuli ikaruka. Jamani, fikiria wewe ndiye mkewe. Miezi minne unautazama mguu uliokufa, halafu unauona unacheza! Ungefanya nini? Waliuza ndama, wakaongeza hela za ndizi, wakaitoa laki tatu na nusu. Jamaa akaondoka na gari lake, na simu yake haijapatikana mpaka leo.

Mjomba akaitumia asubuhi na jioni. Kwa kuwa upande ule hausikii vizuri, akawa anaongeza namba ili ahisi kitu. Hakuhisi, akaongeza tena mpaka mwisho. Vibandiko navyo vilishakauka na kubanduka pembeni. Siku moja mkewe akasikia harufu ya ngozi.

Kovu nililiona. Lipo kwenye ndama ya mguu, linalingana na sarafu ya shilingi mia mbili. Mjomba akapandisha suruali kwa mkono wa kushoto, akaniuliza kwa sauti ambayo ulimi wake bado unaivuta:

"Mjomba, wewe umesoma. Niambie ukweli. Hii mashine inafanya kazi au nimeibiwa?"

Nina shahada ya chuo kikuu, na sikuwa na jibu. Nikachukua kile kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi, ambacho hakuna aliyekifungua tangu siku ya kununua. Kiingereza chake kina makosa, lakini kinasomeka: mashine ni ya kupunguza maumivu ya mgongo na viungo. Kupooza hakukutajwa popote. Onyo lilikuwepo: usitumie mahali ambapo ngozi haina hisia.

Nimetumia siku zilizofuata kusoma na kuwapigia simu watu wa fiziotherapia niliosoma nao. Jibu nililolipata ndilo limenitia hasira zaidi, kwa sababu jibu si kwamba umeme ni utapeli. Ingekuwa hivyo ningemwambia mjomba "pole, umeibiwa", mambo yakaisha. Umeme unasaidia kweli. Ila ule wa mjomba haukuweza kumsaidia.

Tuelewane kidogo. Misuli inacheza kwa sababu neva imeiletea taarifa, na taarifa hiyo ni umeme. Galvani, Mtaliano, alichapisha mwaka 1791 habari za miguu ya vyura iliyoruka alipoigusisha umeme na vyuma. Mwaka 1855 daktari wa Kifaransa, Duchenne, alitoa kitabu kizima kuhusu kuusukuma msuli mmoja mmoja kwa umeme kupitia ngozi. Kwa hiyo yule wa gari la kipaza sauti hakuvumbua lolote. Msuli wowote ambao neva yake ni nzima utaruka ukiupa umeme wa kutosha. Hata wako, wewe unayesoma hapa ukiwa mzima wa afya. Ule mguu wa mjomba kuruka sokoni haukuwa dalili ya kupona. Ilikuwa dalili kwamba neva ya mguuni haijafa, kilichoumia kiko kichwani.

Hapo ndipo kazi ya kweli inapoanzia. Kwa mtu wa kiharusi, barabara ya kutoka uti wa mgongo kwenda mguuni ipo, ila amri haitoki ubongoni. Mwaka 1961 Liberson na wenzake huko Marekani walieleza kifaa kwa ajili ya wagonjwa ambao unyayo unaning'inia na kuburuza vidole. Swichi inawekwa chini ya kisigino. Kisigino kikinyanyuka, umeme mdogo unaigusa neva iliyo chini kidogo ya goti kwa upande wa nje, unyayo unainuka, mtu anapiga hatua bila kujikwaa. Kisigino kikigusa chini, umeme unazima. Mwaka 2009 taasisi ya Uingereza inayopima tiba, NICE, ilisema ushahidi wa njia hii kwa unyayo wa namna hiyo unatosha kuonesha kwamba inaboresha utembeaji. Lakini ikasema pia kwamba kumchagua mgonjwa wa kupewa kuhusishe timu ya wataalamu wa kurejesha viungo katika kazi.

Timu, ndugu zangu. Na kwetu je? Gari lenye kipaza sauti.

Kwa sababu maswali ni mengi kabla hujabandika chochote. Je, neva ni nzima? Kama imekatika au imekufa yenyewe, umeme wa kawaida wa mashine hizi hauuamshi msuli ule. Je, mashine ni ya kuchezesha msuli au ya kutuliza maumivu? Zinafanana kwa sura na waya, kazi ni tofauti. Je, mgonjwa anahisi joto na baridi pale unapobandika? Ana kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo? Ana damu iliyoganda mguuni? Ni mjamzito? Ana kifafa, kama walivyo watoto wengi wenye mtindio wa ubongo? Vibandike juu ya neva ipi, na mgonjwa afanye nini wakati umeme unapita? Hilo la mwisho ndilo zito. Umeme peke yake, mgonjwa amekaa anatazama ukuta, unachezesha nyama. Umeme unaopita huku mgonjwa mwenyewe anajaribu kuinua unyayo, mara kumi, mara hamsini, kila siku, ndio unaomsaidia. Mwalimu wa ubongo ni zoezi. Umeme ni chaki tu.

Na hata chaki hiyo haiandiki kila ubao. Kwa uso uliopooza upande mmoja ghafla, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2011 hayakuona faida ya umeme. Kwa konzo, ule ugonjwa wa miguu kukakamaa unaotokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, uharibifu haurudi nyuma. Mtu akikuambia mashine moja inatibu kila aina ya kupooza, hajui kupooza ni nini, au anajua na anakuibia.

Sasa nije kwa wenye nchi.

Msije mkadhani Tanzania hatujulikani katika mambo haya. Tunajulikana sana. Mlipuko wa konzo Tarime mwaka 1985 ulichunguzwa na madaktari, akiwemo William Howlett wa KCMC, ukaandikwa kwenye jarida kubwa la magonjwa ya ubongo duniani. Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kuwatafuta wenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, katika eneo la watu 161,071. Taarifa ya 2008 ikasema waliwapata 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu kwamba wana ugonjwa huo. Kati ya 2003 na 2006 wakahesabu viharusi vipya. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Rudia hiyo ya Dar. Hii si habari ya wazee wa kijijini peke yao, ni habari yako wewe unayekula chipsi mayai saa nne usiku na hujui presha yako.

Kuhesabiwa tumehesabiwa, na nawashukuru waliohesabu. Lakini mtu akishaingizwa kwenye hesabu, nani anamshika mkono asimame?

Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa tiba za kurejesha viungo wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Sisi tulikuwa 61,741,120 kwenye sensa ya 2022. Na wataalamu wachache tulionao wanabaki kwenye hospitali kubwa, kwa sababu huko ndiko kuna ajira. Kumbuka sasa zile safari mbili. NICE mwaka 2023 ilisema mtu wa kiharusi anayehitaji tiba hizi apewe angalau saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Mjomba aende Mbeya mara tano kwa wiki? Bodaboda, halafu basi, halafu bajaji, na nauli ni ya watu wawili kwa sababu hawezi kwenda peke yake. Mwezi mmoja wa nauli hiyo unaizidi bei ya ile mashine. Ndiyo maana alinunua mashine! Hakuwa mjinga. Alipiga hesabu kama fundi, na kwa alichokuwa anakijua, hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nasikia mtu anasema, "tatizo la watu wa vijijini ni imani za kishirikina, wapewe elimu". Hebu acheni. Mwaka 2011, foleni ya magari kwenda kwa Babu wa Loliondo kunywa kikombe cha shilingi 500 ilikuwa na wanakijiji peke yao? Zilikuwemo gari za serikali, walikuwemo wenye shahada, walikuwemo waheshimiwa. Mfa maji haachi kutapatapa, awe na digrii au asiwe nayo. Tena mjomba hakwenda kwa mganga. Alikwenda kwenye kitu chenye waya, namba na koti jeupe. Aliiamini sayansi. Sisi ndio tuliomwachia sayansi iletwe na tapeli.

Mwingine atasema nchi ni maskini, tuanze na malaria na vifo vya mama na mtoto. Sipingi kuanza nako. Lakini piga hesabu ya nyumba moja. Fundi mwashi halipwi tena. Mkewe haendi shamba, kwa sababu lazima amgeuze, amwogeshe, ampeleke chooni. Binti yao wa kidato cha tatu anakosa vipindi. Watu watatu wamesimama kwa sababu mmoja hakufundishwa kusimama. Huo umaskini mnaouhofia mnautengeneza wenyewe.

Na sisi waandishi? Hapa nijitoe kafara mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilitumwa kwenye hafla ya kukabidhi vifaa katika hospitali moja, si ya Rungwe. Kulikuwa na hema, viti vyenye vitambaa, mashangingi, na kikundi cha ngoma. Kati ya vifaa zilikuwemo mashine za umeme za kuchezesha misuli, nzuri, za kweli. Mgeni rasmi akakata utepe, nikapiga picha, nikaandika kwamba wagonjwa wa kupooza wa wilaya ile sasa wamepata ukombozi. Neno "ukombozi" ni langu. Nikapokea bahasha ya nauli kama wenzangu. Sikuuliza swali moja tu: nani atazitumia?

Nilirudi pale baada ya mwaka kwa habari nyingine. Nikachungulia. Zilikuwa stoo, ndani ya nailoni yake, juu yake maboksi ya glavu. Muuguzi akaniambia hawana mtu aliyesomea. Sikuandika. Nilijiambia si habari, kwa sababu hakuna aliyekata utepe.

Basi tapeli wa gulioni na hafla ile ni ndugu. Wote wanauza mashine bila mtu. Tofauti ni kwamba mmoja anachukua ndama wa mjomba wangu, na mwingine anachukua picha ukurasa wa mbele.

Ninachotaka hakihitaji semina elekezi wala posho. Kwanza, kila hospitali ya wilaya iwe na watu wa fiziotherapia walioajiriwa, na kazi yao isiishie kwenye kuta za hospitali. Wapewe pikipiki. Mtaalamu mmoja mwenye pikipiki akipita vituo vya afya, akamfundisha mke wa mjomba jinsi ya kumsimamisha, amefanya kazi kuliko mashine kumi. KCMC Moshi imekuwa ikiwafundisha wataalamu hawa kwa miaka mingi, na baadhi niliowapigia simu wanauza vifaa vya umeme wa jua kwa kukosa ajira. Pili, tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tiba ya kurejesha viungo iwe haki ya kila mwanachama wa bima hiyo, ya Masaki na ya Matwebe, isije ikageuzwa anasa ya kununua pembeni. Tatu, vifaa tiba viko chini ya TMDA kisheria. Magulio yanajulikana siku zake na mahali pake. Mtu anayembandika mgonjwa umeme hadharani aulizwe cheti kama anavyoulizwa muuza nyama muhuri wa daktari wa mifugo. Nne, mashine yoyote ya msaada isipokewe bila jina la atakayeitumia. Hakuna jina, hakuna utepe. Na mwandishi mwenzangu, uliza jina hilo kabla hujapokea bahasha. Afadhali uliza na usipokee.

Nimalizie kwa mjomba. Nilimjibu hivi: "Mjomba, umeibiwa. Lakini mguu wako haujafa." Nilimpigia simu ya video rafiki yangu mmoja wa fiziotherapia, akamtazama kwa nusu saa, akauliza maswali mengi, akatoa kazi mbili za kuanzia. Kuinuka kwenye kiti na kukaa, mara kumi kwa awamu, awamu tatu asubuhi na tatu jioni, uzito ukienda mguu wa kulia. Na kutembea kati ya fito mbili. Binamu zangu wakakata mianzi, tukazisimika fito hizo pembeni ya migomba, urefu wa hatua sita. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetukaripia kwamba hazijanyooka, akadai kamba na timazi. Fundi ni fundi.

Siku niliyoondoka alikwenda na kurudi mara mbili, unyayo ukiburuza, mkewe nyuma yake ameshika mkanda wa suruali. Ule unyayo unaoburuza ndio hasa ungefaa kile kifaa cha kisigino nilichokieleza juu, kama kungekuwa na mtu wa kumpima na kumfungia. Hayupo. Simu ya video si hospitali, na si kila mwenye kiharusi Rungwe ana mpwa anayefanya kazi gazetini mwenye rafiki wa fiziotherapia.

Mashine ilikuwa juu ya kabati, mkewe hakutaka hata kuiona. Niliomba nije nayo Dar nikaiweke mezani kwangu ofisini. Ninayo hapa ninapoandika. Kila nikialikwa kwenye hafla ya makabidhiano nitaitazama kwanza.

Wenye hoja karibuni. Wenye matusi nanyi karibuni, ila pangeni foleni nyuma ya wenye hoja.